Mnara Usiolia

Wifi yangu mji mzima unamwita Kinanda, na jina hilo sikumpa mimi. Mimi ningempa lingine. Ni mke wa mdogo wangu, mwanamke mrefu mwenye shingo ya kujisikia, anayevaa viatu vya soli laini ili asisikike akitembea juu ya mawe ya kanisa kuu, na anayeongea taratibu kama mtu ambaye hajawahi kuchelewa popote. Kazi yake ni kutembeza wageni. Asubuhi anawapokea mlangoni mwa kanisa, anawazungusha ndani, kisha anawateremsha kwa ile njia ya ngazi mpaka gatini, ambako ninawapokea mimi na kuwapandisha botini kwa safari ya ziwani. Siku moja, tiketi moja, watembezaji wawili. Na kazi hiyo nilimtafutia mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu, alipoolewa akaja hapa hajui mtu. Nilimsifia kwa bosi mpaka bosi akachoka. Laiti ningeumwa jino siku ile.

Maana hebu fikiria. Mimi nina ziwa zima, na visiwa vyake, na ndege weupe wanaofuata boti, na upepo wa kupeperusha kofia za watu. Yeye ana nyumba ya mawe yenye baridi na minara miwili, mmoja una kengele na wa pili mtupu. Nani angemshinda nani? Lakini wageni walikuwa wananifikia gatini wameshashiba. Wanakuja kimya, wengine macho mekundu, wanageuka nyuma kuitazama ile minara huku mimi nikihangaika kuwafunga mikanda ya maboya. "Yule dada," wananiambia, "yule dada Mungu kampa kipaji." Mimi nawaambia wainue mikono nikaze mkanda. Ndiyo maana wenzangu gatini walinipachika jina la Mama Maboya. Mmoja anaitwa Kinanda, mwingine Mama Maboya, halafu watu wanataka nisiwe na kijicho.

Ninacho, na wala sijifichi. Nikimwona anashuka zile ngazi na kundi lake nyuma, wanamfuata kama vifaranga, naikaza kamba ya boti mara mbili. Natabasamu, napokea wageni. Kujikaza kisabuni ndiyo kazi yangu ya pili.

Kingekuwa kazini tu ningevumilia. Lakini Kinanda yuko na nyumbani vilevile. Mama yetu anaishi kwa mdogo wangu tangu miguu ilipomgomea. Chumba chake kinatazama uani, kitanda kiko chini ya dirisha, na kuna kiti kimoja tu cha kukalia anayekuja kumwona. Kiti hicho kila nikienda kimekaliwa. Kinanda anamkata mama kucha. Kinanda anamchana nywele. Kinanda anampaka mafuta miguuni, polepole, kidole kwa kidole. Ni kazi ambazo ningezifanya mimi bintiye kama boti isingekuwa inarudi jioni nikiwa nimelowa mpaka magotini. Na wananong'ona. Nikisogeza pazia wananyamaza wote wawili, mama anageukia dirishani, na Kinanda anainuka: "Karibu wifi, kaa hapa." Ananikaribisha kwa mama yangu mzazi.

Wivu wa mume naufahamu, unakuja na unapita. Huu wa mama ulikataa kupita.

Kisha likaingia lile la kengele, na hapo ndipo nilipochoka kabisa. Tukiwa katikati ya ziwa, wageni wakaanza kuniuliza. Leo huyu, kesho yule. "Mama, na ile kengele iliishia wapi?" Mara ya kwanza moyo ulinilipuka. Kwetu hilo halitajwi. Baba yangu ndiye aliyeendesha pantoni iliyokuwa inaileta kengele ya mnara wa pili, na kengele haikufika. Zaidi ya hapo nyumbani kwetu hapasemwi kitu, hata mdogo wangu, aliyezaliwa baadaye, hajui zaidi ya hayo. Sasa mgeni aliyetoka huko alikotoka anapanda boti yangu na kuniuliza habari za kengele. Katoa wapi? Nikajumlisha mwenyewe. Kile kiti, kile kitana, ile minong'ono. Mama amemwambia Kinanda kila kitu, na Kinanda anawamwagia wageni aibu yetu, kisha anawatuma waje wanitemee usoni.

"Kengele zimebaki kanisani," nikawa nawajibu. "Hapa tazameni ndege."

Na kweli, kuna mahali ziwani, tukishapita kisiwa cha miamba, ambapo mimi huwa naongea habari za ndege kwa sauti kubwa kuliko kawaida, iwe wapo au hawapo. Nahodha wetu, mtu mzima asiyependa maneno, huwa ananitazama tu na kuongeza mwendo.

Mambo yakawa hivyo mpaka bosi alipotuita ofisini. Ofisi yake ni chumba kidogo nyuma ya gati, feni inazunguka bila kuleta upepo. Akasema wageni hawapendi kukabidhiwa njiani kama mizigo. Anataka mtembezaji mmoja wa siku nzima, kanisani na ziwani, na mwingine atahamia dirisha la tiketi.

Dirisha la tiketi nalijua. Ni kijumba cha bati kilichoegemea ukuta wa choo, chenye tundu la kupitishia mkono. Aliyemo ndani anaona mikono tu kutwa nzima. Ziwa liko mgongoni kwake na hawezi kulitazama mpaka atoke nje. Nikamwangalia Kinanda, naye alikuwa ameinamia viatu vyake laini.

"Kesho napanda na wageni mimi mwenyewe," bosi akasema. "Na ninyi mtakuwa pamoja toka asubuhi. Kila mmoja amsikilize mwenzake, maana atakayebaki atabeba kazi zote mbili. Tukirudi gatini nitasema ni nani."

Usije ukashangaa nikikwambia kwamba sikuwahi hata siku moja kumsikiliza wifi yangu akifanya kazi. Yeye alikuwa anaishia gatini, mimi nilikuwa naanzia gatini. Na hata ningekuwa na nafasi, nisingeenda kujichoma kisu mwenyewe.

Basi asubuhi hiyo nikajiunga na wageni mlangoni mwa kanisa kuu, nimesimama nyuma kabisa, mikono kifuani. Nilitegemea maneno matamu na kutia chumvi. Kinanda hakusema neno. Aliwaingiza ndani, akawaketisha kwenye mabenchi ya mwisho, karibu na mlango, akasimama akawangoja. Alingoja mpaka simu ya mwisho ikaingia mfukoni, mpaka mtoto mmoja aliyekuwa anabembea miguu akaacha. Ndipo akaanza kuongea, na akaongea chini chini, hivi kwamba kila mtu ilimbidi asogee. Nikajikuta na mimi nimesogea. Nikarudi nyuma hatua moja, nikanuna.

Akawapeleka kwenye nguzo, akawaambia waweke kiganja mahali ambapo jiwe limelika. Akawaambia ni mikono ya watu waliopita hapo kila siku wakienda kutubu au kubatiza au kuzika, na kwamba jiwe haliwezi kujua ulipita kwa lipi. Bosi naye akaweka kiganja. Nilimwona. Roho iliniuma mpaka nikaangalia juu kwenye vioo vya rangi kutafuta kasoro, na sikuiona hata moja.

Mwisho akawasimamisha chini ya mnara wa pili. Mnara wa kwanza una kamba nene inayoning'inia, imeng'aa kwa kushikwa. Wa pili una tundu la kamba juu, na chini yake stuli ya mpiga kengele ambayo hakuna aliyewahi kuikalia. Kinanda akagusa ile stuli.

"Kengele ya hapa ilitengenezwa kwa vyuma na shaba za watu," akasema. "Padri aliomba, watu wakaleta. Masufuria, bawaba za milango, majembe, tarumbeta. Kuna mama alivua hereni zake hapo hapo mlangoni, na hakuwahi kuwa na nyingine. Vikayeyushwa mbali huko, ng'ambo ya ziwa, vikawa kengele. Siku ya kuileta, watu walivuka kwenda kuifuata. Walirudi nayo kwenye pantoni, wanaimba, na huku nchi kavu mji mzima ukiwa umejipanga kuipokea. Walipofika katikati ya ziwa, upepo ukageuka."

Akaondoa mkono kwenye stuli. Mgeni mmoja, mama mnene mwenye kofia pana, akasema, "Eh, halafu?"

"Yaliyotokea majini si yangu kusimulia," Kinanda akajibu. "Yana mwenyewe. Yuko ziwani, mtamuuliza. Na akikataa, msimlazimishe."

Akanitupia jicho, na wote wakageuka kunitazama, na bosi pia. Nikasema moyoni, huyu mwanamke amenitega. Kwa siku zote hizo alikuwa ananitupia wageni, leo amenitupia bosi mwenyewe. Akijua kabisa kwamba siwezi kulisema hilo jambo, ameniachia liniangushe.

Kwenye ngazi za kushuka gatini alinisogelea. "Pole wifi, yale mawe yanachosha miguu."

"Umeamua kunichokonoa mbele ya bosi."

"Sikukuchokonoa."

"Wewe nenda tu," nikamwambia. "Twende tukamalize."

Botini nikawavika maboya. Kinanda alikuwa amefunga mkanda wake kinyume, nikamfungua, nikamfunga upya, na sitasema uongo, nilimkaza zaidi ya inavyotakiwa. Alishtuka kidogo, hakulalamika. Akaenda kukaa benchi la nyuma peke yake. Bosi alikaa mbele, miwani ya jua usoni, nikawa sijui anatazama wapi.

Nilifanya kazi yangu vizuri. Hilo nalijua. Niliwaonyesha visiwa, nikawachekesha kwa hadithi ya mgeni aliyemuuliza nahodha kama ziwa lina geti la kutokea. Bosi alicheka. Nikaanza kupata matumaini. Tukapita kisiwa cha miamba, nami nikapaza sauti kuanza habari za ndege, na yule mama wa kofia pana akainua mkono.

"Dada, na kengele?"

"Kengele zimebaki kanisani."

"Jibu swali la mgeni," bosi akasema, hata bila kugeuka.

Nikajifanya nakagua mkanda wa mgeni wa karibu. Nahodha, bila kuambiwa, akapunguza moto wa injini. Ghafla kukawa kimya, maji yanapiga tu ubavuni mwa boti. Hapo hasira zikanipanda, na mimi zikinipanda sichagui pa kuzimwagia.

"Muulizeni yule kule nyuma," nikasema, nimemnyooshea kidole. "Muulizeni Kinanda. Yeye ndiye mtoto wa nyumba. Yeye ndiye anayekaa kitini na mama yangu wakinong'ona mpaka giza linaingia. Ameshaambiwa yote, anajifanya tu hayajui. Asimulie yeye, achukue na siku nzima, achukue na mama, amalize."

Wageni wakatazama chini, kila mtu na maboya yake. Kinanda akasimama. Boti ikayumba, akashika nguzo ya turubai.

"Mimi siyajui, wifi."

"Acha hizo."

"Siyajui. Kila siku namuuliza mama. Namkata kucha, namuuliza. Namchana, namuuliza. Anasema, hiyo ni ya wifi yako, yeye alikuwemo, sitamnyang'anya. Siku nyingine hanijibu kabisa, unatukuta tumenyamaza hivyo hivyo." Sauti yake ile ya taratibu ilikuwa imemtoka, anaongea kama mtu wa kawaida. "Nimeolewa kwenu, nimewazalia watoto, na wanangu wananiuliza babu yao alikuwa mtu gani, sina la kuwaambia. Nawatuma wageni wakuulize wewe, nasema labda kwa mgeni utafunguka, labda siku moja mmoja atarudi aniambie. Unadhani ni wewe peke yako unayeona wivu? Mama amekuwekea wewe. Mimi nimepewa kucha tu."

Nikakaa. Wakati wote nilipokuwa najiuma vidole nje ya lile pazia, mama alikuwa ndani ananitunzia changu.

Nikashika kipaza sauti, kisha nikakiweka chini, maana lile halikuwa la kipaza sauti.

"Ni hapa," nikasema. "Kengele iko chini yetu hapa."

Nikawasimulia. Kwamba nilikuwa mtoto, nimekalishwa juu ya gunia karibu na baba, kwa sababu niling'ang'ania kuja. Kwamba kengele ilifungwa katikati ya pantoni kwa kamba, na watu wameizunguka wanaigusa, wanaibusu. Upepo ulipogeuka mawimbi yakaanza kuingia upande mmoja, kengele ikateleza, na kamba zikaivuta pantoni ilale. Watu wakaangukiana. Baba akachukua shoka. Wazee wa kanisa wakamzuia, wakamshika mikono, wakamwambia hii ni mali ya Mungu na jasho la watu, tusali, upepo utatulia. Maji yalikuwa yameshafika kwenye gunia langu.

"Aliniangalia," nikasema. "Kabla hajakata, aliniangalia mimi. Kisha akakata."

Kengele ikaenda. Pantoni ikainuka. Hakuna aliyekufa, hata mmoja, na nadhani ndiyo maana hakuna aliyeshukuru. Wangezama wawili watatu, watu wangejua wameokolewa na nini. Walifika gatini wakavu vichwani, mikono mitupu, na mji mzima umejipanga unangoja kengele. Wakasema aliikata kwa ajili ya mwanawe. Watu wale wale aliowaleta nchi kavu wakaacha kumsalimia. Akikaa benchi kanisani, benchi linabaki lake peke yake, mpaka akaacha kwenda. Mimi shuleni waliniita Kengele. Na kila Jumapili mnara wa kwanza ulipolia, baba aliacha alichokuwa anafanya, kijiko kikiwa hewani, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akabaki anasikiliza tena kidogo, kama anangoja wa pili.

"Walichosema kilikuwa kweli," nikamalizia. "Aliikata kwa ajili yangu. Ninyi wengine mlikuwemo tu."

Sijui kwa nini nilisema "ninyi". Wale wageni hawakuwepo. Lakini hakuna aliyenisahihisha. Yule mama akavua kofia yake pana akaiweka magotini. Nahodha akatutuliza pale pale kwa muda, kisha akawasha, tukarudi gatini bila mtu kuuliza swali.

Bosi alinivuta pembeni tuliposhuka. Alikuwa amevua miwani. "Siku nzima ni yako," akasema. "Sijawahi kusikia kitu kama kile. Kanisani utajifunza, si kazi ngumu."

Hilo ndilo neno nililolisubiri. Nikageuka kumtafuta Kinanda ili aone uso wangu. Nikawaza nimesimama chini ya mnara wa pili, nimegusa stuli, nasema upepo ukageuka. Halafu je? Nitamalizia mwenyewe hapo hapo, na wageni watashuka ngazi wameshajua yote. Hakuna atakayenyoosha mkono katikati ya ziwa kuniuliza mimi.

"Bosi," nikasema, "siku ibaki vipande viwili."

"Unamwonea huruma wifi yako?"

"Huruma ya nini? Nataka waje wakiniuliza. Na anayejua kuwaleta wakiwa na njaa hiyo ni yeye. Mimi siwezi kuianza ile habari nisiimalize."

Akanitazama sana, akatikisa kichwa, akasema ataona. Mpaka leo hajatubadilisha, na kwenye kijumba cha tiketi amewekwa mpwa wake, anasinzia humo.

Nilimkuta Kinanda kwenye benchi la gatini, bado amevaa maboya, analia. Analia kwa kelele, mabega yanaruka, kamasi zinamtoka, ile shingo yote imeinama. Nikadhani ni kwa ajili ya dirisha la tiketi.

"Nyamaza, hutahamia popote," nikamwambia. "Kesho asubuhi uko kanisani kama kawaida."

Akainua uso. Hakuwa ameelewa hata naongea nini. "Namlilia baba," akasema. "Kile kijiko, wifi. Hakuna mtu aliyemwambia ashushe kijiko ale?"

Nikapiga magoti kumfungua ule mkanda nilioukaza. Fundo lilikataa, nikalivuta kwa meno. Siku ya mazishi tulimlilia baba kama watu wanavyowalilia baba zao. Kwa ajili ya siku ile ya ziwani hakuna aliyewahi kumlilia, si mama, si mimi niliyekuwa juu ya gunia. Wa kwanza kawa huyu, ambaye hakumwona hata kwenye picha. Hata hilo kanitangulia.